Sifuri ya Aliyetazama: Hesabu ya Mbung'o Njiani na Homa ya Malale katika Biharamulo na Ngara

Mwishoni mwa kiangazi, mvua za vuli zikiwa bado hazijafika, mapori ya Biharamulo na mabonde ya Ngara hupitika kwa urahisi kuliko majira mengine ya mwaka. Nyasi zimekauka au zimeungua, na warina asali, wachoma mkaa, wachungaji na watafuta kuni huenda mbali na nyumbani. Baada ya wiki mbili au tatu, mmoja wao huweza kufika zahanati akiwa na homa na kichwa kinachomuuma. Hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kipimo kikionyesha kwamba hana malaria, hupewa dawa ya kutuliza maumivu, pengine na antibiotiki, akarudi kwake. Mara nyingi uamuzi huo huwa sahihi, kwa maana homa zina sababu nyingi. Lakini upo ugonjwa ambao kipimo kile hakiwezi kuuona hata kama vimelea vyake vimejaa katika tone lile lile la damu. Ugonjwa huo ni homa ya malale.

Zamani, tone hilo lingewekwa chini ya hadubini. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta vimelea vya malaria aliweza kuviona, bila kutarajia, vijidudu virefu vinavyojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna sababu ya kutamani zama zilizopita. Hata hivyo kimefunga dirisha moja, na zahanati isiyotazama tena kioo cha damu huandika katika taarifa yake kwamba wagonjwa wa malale ni sifuri. Maana ya sifuri hiyo hueleweka vizuri zaidi kwa kuangalia jinsi wataalamu wa wadudu walivyojifunza, kwa karibu miaka mia moja, kumhesabu mbung'o kwa kutembea kwa miguu.

Ugonjwa wenyewe

Malale husababishwa na kimelea kiitwacho tripanosoma, nacho huenezwa na mbung'o, ambaye wengi wa Tanzania bara humwita ndorobo. Aina inayopatikana Tanzania ni rodesiense, ambayo huenda kwa kasi. Aina ya gambiense, ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, huweza kukaa mwilini miaka kabla ya kumlaza mtu. Mgonjwa wa rodesiense asiyetibiwa kwa kawaida hufariki ndani ya miezi sita. Huenda kukatokea kwanza uvimbe mwekundu wenye maumivu pale mdudu alipouma, ingawa si kwa kila mgonjwa. Hufuata homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na ya viungo, na kuvimba kwa tezi. Kimelea kikishaingia katika ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, na tabia yake hubadilika kiasi kwamba jamaa zake hudhani ni ulevi, kichaa au kurogwa. Muda mwingi hupotea hapo, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa kwingi kabla ya kufikishwa maabara.

Kimelea cha rodesiense hakimtegemei mwanadamu ili kiendelee kuwepo. Hukaa katika wanyama, hasa pongo miongoni mwa wanyamapori na ng'ombe miongoni mwa mifugo, bila kuwadhoofisha sana. Kwa hiyo kijiji kinaweza kukaa miaka mingi bila mgonjwa hata mmoja huku kimelea kikiendelea kuzunguka kati ya mnyama na mbung'o katika pori la jirani. Idadi ya wagonjwa wa rodesiense walioripotiwa duniani kote imeshuka hadi chini ya 100 kwa mwaka tangu mwaka 2020, na Tanzania huripoti wachache mno. Ni habari njema, nayo inastahili kusomwa kwa makini.

Nchi iliyoachiwa mbung'o

Mapori haya hayakuwa hivi siku zote. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi magharibi mwa Ziwa Victoria wakati wa ukoloni, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba watu wa Afrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o. Walilima, walichunga, waliwinda na kuchoma nyasi, na hivyo walimweka mdudu mbali na makazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita ikaua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Baada ya sotoka zikaja njaa na maradhi mengine. Malisho yaliyokosa ng'ombe yakageuka vichaka, wanyamapori wakaongezeka, na mbung'o akafuata. Kwa maelezo ya Ford, pori lenye mbung'o ni alama ya msiba uliowapata watu kwanza, na ndipo mdudu akapata nafasi.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliutazama mdudu zaidi kuliko msiba. Baada ya malale ya rodesiense kugunduliwa Maswa mwaka 1922, watu wa sehemu nyingi za Tanganyika walihamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vikubwa vya kujikinga na malale. Biharamulo na Uzinza zilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Vijiji hivyo vilipunguza maambukizi ndani yake. Lakini ardhi iliyoachwa nyuma iliota miti, na sehemu kubwa ya ardhi ya namna hiyo baadaye ikawa mapori ya akiba. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Ngara ina sura mbili. Vilima vyake vya juu ni baridi, vimelimwa na vina watu wengi. Mabonde ya chini, kuelekea mito Ruvubu na Kagera inayokutana Rusumo, yana joto na miti. Mwishoni mwa Aprili 1994, umati ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kuwa watu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa ghafla miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Watu wengi namna hiyo wanapohitaji kuni, miti ya karibu huisha, mbung'o naye akakosa kivuli. Lakini mtafuta kuni hulazimika kwenda mbali zaidi kila wiki, hadi pale ambapo kivuli bado kipo.

Namna ya kuhesabu kwa kutembea

Kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o katika Tanganyika kilikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Hapo ndipo ilipokuzwa njia ya kuhesabu kwa mzunguko wa miguu. Huchaguliwa njia moja inayopita katika aina zote za pori: mbuga, miyombo, vichaka vya kando ya mto. Njia hugawanywa katika vipande, na kila kipande huwekewa alama. Kundi dogo la watu huipita njia ile ile, kwa mwendo ule ule, saa zile zile, kila baada ya siku kadhaa. Mwisho wa kila kipande husimama, na wale mbung'o waliotua juu yao, au juu ya kitambaa cheusi wanachobeba, hukamatwa kwa wavu wa mkono. Huandikwa ni wa aina gani, dume au jike, na kama tumbo lake limejaa damu au li tupu.

Waliotembea hawakuwa wazungu wenye majina katika vitabu. Walikuwa Waafrika wa vijiji vya karibu, watu wazima ambao nyaraka za Kiingereza huwaita wavulana wa mbung'o, na wengi wao hawakuandikwa jina. Elimu yote iliyofuata kuhusu mdudu huyu imesimama juu ya hatua zao, na miili yao ndiyo iliyokuwa chambo.

Kipimo kilichotumika kilikuwa idadi ya madume waliokwisha kula damu angalau mara moja, kwa kila yadi 10,000 za mwendo, yaani kilometa 9 na kidogo. Mfano wa kubuni: njia ina urefu wa kilometa 4, nayo imepitwa mara 10, jumla kilometa 40, na wamekamatwa madume 22 wa namna hiyo. Gawanya 22 kwa 40, kisha zidisha kwa 9.14, jibu ni 5 hivi. Namba hiyo peke yake haina maana kubwa. Thamani yake huonekana inapolinganishwa na namba ya mwezi uliopita au ya mwaka uliopita katika njia ile ile.

Huko Uingereza wazo kama hilo hutumika kwa vipepeo. Tangu mwaka 1976 watu wa kujitolea hupita njia zao zile zile kila wiki, kuanzia Aprili hadi Septemba, wakihesabu kila kipepeo anayeonekana ndani ya upana wa mita chache. Kwa hesabu hizo nchi nzima hujua ni aina zipi zinazidi na zipi zinatoweka. Anayehesabu vipepeo ana faida moja kubwa: kipepeo hamjali. Mbung'o humfuata anayemhesabu, na kwa sababu hiyo hesabu yake ina kasoro ambazo mhudumu wa afya anapaswa kuzijua.

Anayekuja na asiyekuja

Mbung'o wanaotua juu ya watu wanaotembea wengi wao ni madume, tena mara nyingi hawakuja kula. Hufuata kitu chochote kinachosogea, kwa matumaini ya kumpata jike. Majike, ambao ndio wanaoamua kama kizazi kitaendelea, huonekana wachache kuliko walivyo. Aina nyingine, kama palidipesi, humkwepa mwanadamu. Utafiti uliofanywa Zimbabwe katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba kuwepo kwa mtu karibu na ng'ombe kulipunguza idadi ya mbung'o waliomkaribia ng'ombe huyo. Mtu anaweza basi kupita katika pori lenye palidipesi wengi akatoka na hesabu ndogo.

Hali ya hewa nayo huingilia. Joto likizidi nyuzi 32 hivi, mbung'o hujificha katika mashimo ya miti na chini ya magogo. Mwisho wa kiangazi hujikusanya katika vivuli vya mito, hivyo kipande kimoja cha njia hujaa na vingine vikawa vitupu. Moto ukipita, mtu huonekana kwa urahisi zaidi, na hesabu hubadilika bila mdudu mmoja kuzaliwa wala kufa.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa si haki kumfanya mtu chambo, leo hutumika zaidi mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, mingine ikiwekewa harufu zinazofanana na za ng'ombe. Rangi hizo ndizo zinazomvuta mbung'o. Anayeingia porini afadhali avae nguo nene za mikono mirefu zenye rangi ya udongo kuliko shati la buluu.

Pamoja na kasoro zake, matembezi yana jambo ambalo mtego hauna. Mtego husema mbung'o yupo. Matembezi husema mbung'o amemfikia mtu, katika njia ambayo watu huipita kweli. Kwa mganga, hilo la pili ndilo lenye uzito.

Sifuri mbili

Ikiwa njia imepitwa mara 30 na hakuna mbung'o aliyekamatwa, je, hakuna mbung'o? Wanatakwimu wana kanuni rahisi: gawanya 3 kwa idadi ya safari. Tatu kwa thelathini ni 0.1. Maana yake ni kwamba sifuri hiyo bado inaruhusu, kwa uhakika wa asilimia 95, wastani wa kufikia mbung'o mmoja kwa kila safari kumi. Mchungaji anayepita hapo kila siku kwa miezi sita angeweza kukutana nao hadi 18. Ni kweli kwamba mbung'o wanaobeba kimelea cha malale kwa kawaida ni chini ya mmoja kwa mia, na kwa hiyo hatari ya mtu mmoja ni ndogo. Lakini ndogo si sifuri, na wanaopita ni wengi.

Kisiwa cha Unguja kinaonyesha namna sifuri inavyopatikana kwa haki. Huko mbung'o aina ya austeni, aliyekuwa akiua ng'ombe, alipunguzwa kwanza kwa dawa. Kisha, kuanzia mwaka 1994, waliachiwa kwa ndege mamilioni ya madume tasa waliofugwa Tanga. Jike wa mbung'o hujifungua funza mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10, na jike aliyepandwa na dume tasa hapati mtoto. Uzazi wa polepole namna hiyo ukikatizwa, kizazi huporomoka. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alikamatwa mwaka 1996. Mitego iliendelea kukaguliwa, nayo iliendelea kukamata madume wale tasa. Hapo ndipo nguvu ya ushahidi ilipokuwa: mitego ilikuwa ikifanya kazi, ilikuwa ikikamata, na bado wa mwituni hakuonekana.

Maabara hulijua jambo hili kwa jina la sampuli ya kulinganishia. Zahanati inaweza kulitumia kwa swali moja: katika mwezi ambao iliandika sifuri ya malale, ilitazama vioo vingapi vya damu? Kama ni 300, kanuni ile ile husema kwamba malale, kama yapo, hayazidi mgonjwa mmoja kwa kila mia ya waliopimwa. Kama haikutazama hata kimoja, sifuri yake haina habari yoyote ndani yake, wala haifai kujumlishwa na sifuri za wengine katika taarifa ya wilaya.

Hata kioo kilichotazamwa kina mpaka wake. Tone nene la damu huonyesha kimelea pale tu wanapokuwa takriban 5,000 katika mililita moja. Damu ikizungushwa kwa sentrifuji katika mirija myembamba, kisha ukatazamwa mstari unaotenganisha chembe nyekundu na majimaji, kimelea huonekana hata wakiwa 500 hivi. Rodesiense kwa bahati huwa na kimelea wengi katika damu kuliko gambiense, ila idadi hupanda na kushuka; mtu mwenye dalili na aliyetoka porini arudiwe kupimwa siku zinazofuata. Kipimo cha kadi kinachotumika kwa gambiense hakifai hapa. Na kipimo cha malaria kikionyesha kuwa malaria ipo, hilo halifuti malale: mtu anaweza kuwa na yote mawili, na homa isiyoisha baada ya dawa ya malaria ni sababu tosha ya kurudi kwenye hadubini.

Matibabu

Kwa miongo mingi mgonjwa aliyefikia hatua ya ubongo alitibiwa kwa melasopro, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Wagonjwa waliiogopa, na waganga pia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoifanya feksinidazoli kuwa chaguo la kwanza kwa rodesiense, kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Ni vidonge vinavyomezwa mara moja kwa siku kwa siku 10, pamoja na chakula, kwani tumbo likiwa tupu dawa haiingii vya kutosha katika damu. Mgonjwa humeza mbele ya mhudumu. Hutolewa bure kupitia Shirika hilo. Walio chini ya umri au uzito huo bado hutibiwa kwa dawa za sindano, na uchaguzi hufanywa hospitalini.

Dawa hiyo hukaa mbali na zahanati nyingi, nayo huombwa baada ya kimelea kuonekana. Kwa hiyo mgonjwa anayetoka porini aseme hata asipoulizwa: kwamba alirina asali, alichunga au alikata miti, upande gani, na zamani kiasi gani. Mtalii aliyetoka hifadhini na kurudi kwao na homa husema hivyo bila kusita, na wagonjwa wa Serengeti wa mwaka 2001 waligunduliwa Ulaya kwa sababu madaktari wao walijua walikotembea. Mkazi wa Nyakahura au Rulenge huona kutaja pori ni kujishtaki kwamba aliingia pasiporuhusiwa. Mhudumu amwambie mapema kwamba kinachoandikwa katika daftari la wagonjwa hakipelekwi kwa askari wa wanyamapori, na atimize neno hilo. Kisha aandike mambo matatu pembeni mwa jina: kazi, njia, mwezi. Afisa mifugo wa wilaya anayekagua mitego ya mbung'o atajua la kufanya na orodha hiyo, na mganga naye aombe kuona hesabu ya mitego, pamoja na tarehe za siku ambazo mitego haikukaguliwa.